Mtoto Kapewa Chaki Aishike kwa Meno

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu tele kwako na kwa goti lako, maana najua linataka salamu zake peke yake. Linaendeleaje? Mimi kaka yako ni mzima wa afya, bado ndiye seremala pekee mtaani anayekata mlango kwa jicho tu na ukakaa kwenye fremu kama kisu kwenye ala. Waliobisha wamekufa wote, na majeneza yao nimepima mimi.

Ila nina kinyaa, dada, chakula hakipiti. Unamjua mjukuu wangu Kidomo. Huyo alipenda hesabu kuliko sukari. Karakana nzima ananifuata akiuliza, kwa nini meza ukiipima kona kwa kona na vipimo vikilingana, basi imenyooka? Tangu aingie darasa analofundisha mwanao, kila siku ya hesabu tumbo linamuuma. Juzi akasema shule basi, haendi tena.

Nikaenda mwenyewe, nikachungulia dirishani. Mwanao kawapa watoto mgongo, anaongea na ubao, wao wanaitikia majibu kama kasuku. Kidomo akauliza kwa nini. Mwalimu akageuka. Kampa kipande cha chaki akishike kwa meno mpaka kengele ilie. Mate meupe yanamchuruzika mtoto kidevuni, wenzake wanacheka. Nusura nitapike kwenye maua ya shule.

Nilimvuta mwanao nje nikamtukana matusi ambayo mama yake siwezi kumwandikia. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akasema taratibu, "Mjomba, mimi ulinipa misumari."

Hili sijawahi kukuambia. Zile likizo ulizomleta kwangu ajifunze kazi, kila akiuliza kwa nini, nilimjazia misumari mdomoni nikamwambia ashike, kazi haina maswali. Mafundi walicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Alipokataa kurudi ukaniuliza kulikoni, nikakujibu mwanao mvivu. Nilikudanganya.

Sasa kinyaa chenyewe kimenigeukia, hata kioo sikitazami. Jumapili nakuja na Kidomo. Mwite mwanao. Mbele ya mtoto aniulize maswali yake yote ya wakati ule, nimjibu. Nusu yake majibu sina, dada, na sikuwa nayo hata siku zile. Nitasema hivyo hivyo kwa mdomo wangu.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na goti lipumzishe.

Ni mimi kaka yako,
Fundi