Wasichana wa Jamaika Waliposhinda

Rosettenville, Johannesburg
Agosti 2008

Dada yangu Emérite,

Huku baridi inapungua, na Sonia wangu, sasa ana miaka saba, ameota tena meno ya mbele yaliyong'oka. Jumapili tulitazama Olimpiki kwenye saluni ya jirani. Wasichana watatu wa Jamaika walikimbia mita mia wakazoa medali zote! Weusi kama sisi, dada, kutoka kisiwa kidogo tu. Nilishangilia kwa Kiswahili, nikajisahau.

Tulipotoka, vijana wanne walionisikia wakatuzuia mlangoni. Unakumbuka mwezi wa tano hapa mjini walivyowachoma wageni moto. Mmoja akanigusa kiwiko, akaniuliza kinaitwaje kwa Kizulu, kama walivyowapima wageni wakati ule. Sikujua.

Sonia akaingia katikati yetu, akamjibu kwa Kizulu chao safi: "Ni indololwane. Mama yangu ni bubu. Kelele mlizosikia ni za televisheni."

Wakamtazama, wakacheka, wakaenda zao.

Tangu siku hiyo, njiani na dukani sisemi neno. Hata jikoni nikianza kuimba, Sonia anakuja mbio kuniziba mdomo.

Tafadhali, mama asijue.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Yolande