Mwisho Alioutaka Mhariri

Jumatatu, 4 Machi

Imekubaliwa! Jarida limeichukua ile hadithi yangu ya vivuli. Nimekataliwa mara kumi na moja — mmoja alinishauri niachane na mambo ya ajabu-ajabu, niandike mapenzi — na leo asubuhi simu inatetema mfukoni mwa aproni wakati napakua nguo kwenye mashine ya kufulia namba mbili. Nimesoma nikiwa nimeegemea toroli la mashuka. Mvuke ukajaa kwenye kioo cha simu. Nafuta, nasoma tena.

Ila kuna sharti. Katika hadithi yangu mtu akipotea, kivuli chake hubaki ukutani kwao, na mama yake hukiwekea chakula kila siku. Inaishia hapo, anatua sahani. Mhariri anasema huo si mwisho, ni kukwepa. Anataka yule mama ashike brashi, apake ukuta chokaa. Nimjibu kabla ya Ijumaa. Kuna mwandishi kajitoa, nafasi iko wazi, toleo linatoka Jumapili.

Nyumbani sikusema kitu. Mama kapakua sahani tatu kama kawaida: yake, yangu, ya Kaka. Mwaka wa nne huu tangu Kaka atoke asubuhi kwenda kazini na shati lake la bluu, asirudi. Sahani yake hufunikwa kwa nyingine. Kesho yake mimi ndiye ninayeila.

Jumatano, 6 Machi

Mapumziko ya mchana. Naandika nyuma ya fomu za kupokelea nguo, chumba cha kukunjia, maana ndicho chenye dirisha. Bi Pasi — miaka ishirini hapa dobi ya hospitali na hajawahi kushika kazi nyingine — kauliza naandika nini. Nikamsimulia. Kacheka mpaka kaweka pasi chini. Kivuli anacho kwake, kasema, kinakula na kukoroma, ndiye mumewe. Halafu utani ukamwisha. Akauliza huyo mama anapaka chokaa kwa sababu mwanawe kafa, au kwa sababu kachoka.

Nikachukua fomu nyingine.

Nimejaribu mara nne kuuandika mwisho huo. Brashi ikifika ukutani mkono unagoma.

Saa nane nikaenda kuchukua mashuka ya chumba cha maiti. Zamu hiyo ni yangu, hakuna anayeitaka. Hatua sitini kutoka mlango wetu. Mhudumu hunisukumia toroli kizingitini, tunasalimiana, nageuka. Ndani sijawahi kukanyaga.

Ijumaa, 8 Machi

Nimetuma. Yule mama kapaka. Anaanzia miguuni, anapanda, uso anaubakiza mwisho. Sijawahi kuandika aya nzuri kama ile. Najua, na nimejichukia kwa kujua. Mhariri kajibu upesi: "Sasa inauma."

Nimejiambia ni hadithi tu. Nimejiambia jarida lenyewe liko mtandaoni, nani kwetu atalisoma.

Jumapili, 10 Machi

Imetoka. Jina langu, herufi kubwa. Nimelitazama weee. Kisha nikafua soksi.

Jumatatu, 11 Machi

Mama mdogo kaiona. Sijui nani kamtumia. Kaja asubuhi na furaha yake yote, kamkalisha Mama — macho yake yana ukungu, hasomi siku hizi — akamsomea kuanzia juu mpaka chini. Alitaka amfurahishe dada yake: binti kawa mwandishi.

Nimerudi saa kumi na moja. Mama mdogo yuko mlangoni, viatu mkononi, kama mtu aliyevunja chombo cha watu. Kanong'ona kwamba hakujua. Akaondoka.

Mama alikuwa amekaa kwenye kitanda cha Kaka. Hakulia. Afadhali angelia.

"Umemwona," kasema.

Nikauliza nimemwona nani.

"Unafanya kazi pale hospitali. Mashuka ya maiti unayafua wewe. Umemwona mwanangu, ukashindwa kuniambia, ukaona uandike."

Nikamweleza. Kwamba ni ya kubuni. Kwamba mama niliyemwandika mimi mwanzo alikuwa anaweka sahani na basi. Mhariri ndiye aliyetaka chokaa. Nilikuwa nasikia maneno yangu yanavyotoka, mepesi kama maganda. Mama ananisikiliza, kichwa kainamisha upande, vile anavyomsikiliza muuza dawa.

"Huyo mhariri anamjua Kaka yako?"

Hapana.

"Basi brashi kashika nani?"

Akaniuliza tena, pole pole: kule chumba cha maiti, nimewahi kuuliza? Wasiochukuliwa na ndugu huandikwa mahali? Nikasema nadhani kuna daftari. Miaka minne, akasema. Hatua ngapi kutoka unapofanyia kazi? Sikumtajia. Tulizunguka vituo vya polisi, tukabandika picha kwenye nguzo, tukaenda hospitali za mbali mpaka miguu ikavimba. Hii hospitali ninayofanyia kazi nilimwambia nimeshaulizia. Nilimdanganya, nikajidanganya na mimi. Nisipouliza, hayumo.

Hakupika. Nimechemsha chai, ikapoa.

Jumanne, 12 Machi

Saa tatu asubuhi mlinzi wa geti kaja dobi: kuna mama anamtafuta binti yake. Nimemkuta kavaa gauni lake la shughuli, picha ya Kaka iko kwenye mfuko wa plastiki. Kapanda gari peke yake, na macho yale! Msimamizi kanipa nusu saa. Bi Pasi kachukua toroli langu bila kuambiwa.

Tumetembea zile hatua. Mama kanishika kifundo cha mkono, si kiganja — ananiongoza yeye, asiyeona vizuri. Mhudumu alidhani nimefuata mashuka. Nikasema hapana. Mama akanigeukia:

"Mwambie mwaka."

Nikautaja. Nikataja mwezi, urefu, kovu la nyusi, shati. Mhudumu hakuniangalia tena kama mtu wa dobi. Akasema daftari la mwaka ule liko stoo, tusubiri.

Tuko kwenye benchi la nje. Nina fomu mfukoni na kalamu, mkono umeanza wenyewe. Ndio ugonjwa wangu. Mama kasikia kalamu inavyokwaruza. Kauliza kama naandika hii. Nimesema ndiyo. Nilitegemea anizabe kofi.

"Andika," kasema. "Ila hii usimpe mtu akubadilishie."

Mlango wa stoo umefungwa, nimesikia funguo. Mhudumu anakuja. Kabeba madaftari mawili, si moja, na kidole kakiweka katikati ya kurasa za mwezi ule nilioutaja. Mama kasimama, nami naweka kalamu.