Kadi Mpya Haijui Mtu

Alhamisi, mvua tangu asubuhi

...na hapo ndiyo fundi wa simu akafungua kabati ya simu za kiwanda, akatoa kadi imechomwa na radi, nyeusi kama sufuria ya ugali. Akasema hiyo ndiyo kichwa ya simu zote. Kazi yangu ni kupika chai ya ofisi, lakini nilisimama hapo na birika mpaka chai ikapoa. Ningetokaje na mimi nangojea simu ya Mombasa?

Msichana wangu Chebet amezaa kijana huko. Sisi Wakipsigis mtoto tunamwitia majina ya watu wa kwao walikufa. Ile jina anapigia chafya, ndiyo yake. Mimi nataka marehemu bwana yangu, Kiplang'at, arudi. Basi tulipanga Chebet apige simu leo, amwekee mtoto simu kwa sikio, amnusishe tumbaku kidogo, na shangazi zake waite majina kutoka huku. Wamekuja na hiyo mvua, wamejipaka mafuta, wamejaa kwa benchi ya ofisi.

Jumapili mtoto anabatizwa. Watu wa bwana ya Chebet watampa jina ya kwao, basi imeisha.

Fundi akaweka kadi mpya. Taa ya kijani ikawaka, tukapiga makofi. Kumbe kadi mpya haijui mtu! Ile ya zamani ilikuwa imeshika namba ya kila ofisi, hii haina kitu. Fundi akaanza kuifundisha, moja moja. Nikamwambia, "Si uanze na ya hapa?"

"Mama, wacha nifuate laini vile ziko."

Sasa sikia.

Odhiambo wa boila, ule anachochea moto ya kiwanda, akakuja mbio, majivu mpaka kwa kope. "Mama Chebet, simu yako imelia kwangu!"

Kwa boila! Kumbe hiyo ndiyo laini ya kwanza fundi alifundisha. Anasema moto ilikuwa inanguruma, hasikii kitu, akapiga kelele tu, "Hapa ni Odhiambo! Odhiambo!" Mara akasikia mtoto amepiga chafya. Chebet akaanza kulia. Laini ikakatika.

Halafu shangazi mkubwa akamwangalia juu mpaka chini, akamuuliza, "Na wewe ulikufa lini?"

Tulicheka mpaka machozi. Ya wengine yalikauka.

Yangu bado.

Odhiambo amesema pole mpaka akachoka, amerudi kwa moto yake. Wamama wameenda kukamua ng'ombe. Chebet hajapiga tena. Pengine ako huko anaangalia mtoto wake, anaona mtu wa boila.

Saa hii nimeinua simu. Imekufa kabisa, hata haivumi. Nikaita hivyo hivyo, Kiplang'at, Kiplang'at, polepole, fundi asinisikie. Nani atapiga chafya hapa, birika?

Ngoja, fundi ananipigia nduru. "Mama! Leta ndoo, mbio! Paa inavuja kwa kabati!"