Pilipili ya Ndimu, na Chumvi Uliyosema Nipunguze

Sifa, mutoto wangu wa mwisho, uliye ng'ambo ya ziwa,

Nianze na salamu ao nianze na hasira? Salamu nimekupa. Sasa unisikilize.

Tangu ile asubuhi basoda na bunduki zao baliingia Baraka na bantu bakatawanyika, mi sijapata neno lako hata moja. Muhogo niliopanda baada ya pale tumeung'oa, tumeula, tumepanda mwingine. Nimeuliza bavuvi ba Ubwari. Nimeuliza kila mama anayeshuka kwenye mutumbwi na kikapo: Sifa wangu mumemuona? Mwembamba, anatembea haraka, akicheka anaziba mudomo. Hapana. Hatujamuona. Halafu juzi Mama Amisa, yule anayepeleka mafuta ya mawese kule kwenu, anakuja mbio mpaka kwenye jiko langu, ameshika kiuno, pumzi hana.

"Mama Neema! Mutoto wako nimemuona!"

Mwiko ukaanguka kwenye majivu. "Muzima?"

"Muzima. Amekaa kwenye soko la kambi ya bakimbizi. Ametuma neno kwako."

"Sema basi, mama, utaniua!"

"Anasema umutumie pilipili ya ndimu, ile unayotwanga mwenyewe. Na upunguze chumvi."

Nikaokota mwiko, nikaufuta majivu.

"Na nini tena?"

"Ni hayo tu. Moteri ya mutumbwi ilikuwa imekwisha kuwaka, bantu banapiga kelele nipande."

Ni hayo tu! Sifa, we ni mutoto wa namna gani? Hukusema unalala wapi. Hukusema unakula nini, wala kama we na mama yako mudogo niliyekupakia naye kwenye mutumbwi bado muko pamoja. Hukuniuliza kama koko yako, bibi yako muzee, angali hai. (Hapana, mama. Alikufa kitandani mwake, kwa amani, tumemulaza nyuma ya nyumba.) Mi nimekulilia mpaka macho yamekauka, na we unaagiza pilipili! Tena na mashauri juu: punguza chumvi. Nani alikufundisha kunipimia chumvi?

Na pilipili yenyewe hukuipenda. Tusidanganyane. Ulikuwa mudogo hivi, unachukua samaki wako unamuosha kwenye kikombe cha maji ya kunywa, eti, "Mama, hii inauma mpaka masikio." Papa yenu, Mungu amupe raha, alikuwa anacheka mpaka anaweka tonge la bukari chini. Yeye bila ile pilipili, hata ungemupa samaki mugebuka mzima wa kuchoma, angesema leo tumelala njaa.

Kazi ulinisaidia, lakini kwa kunung'unika! Tunakaa kwenye mukeka, ndimu ziko kwenye beseni, mi nakuambia: menya juu juu, chukua kijani tu, ile nyeupe ibaki kwenye tunda, maana ndiyo yenye uchungu. We unakata kama unayechonga mwiko, kwa sababu benzako banakuita barabarani. Maganda tuyaanike kivulini, we unayatupa juani yapate kukauka haraka. Nilikuwa naokota nyuma yako kama kuku. Halafu kutwanga na pilipili na chumvi, hapo unakimbia kabisa, unasema kifua kinakubana.

Na ile siku mujomba wenu alishuka kutoka Fizi kututembelea, umesahau? Mi nimeenda kuchota maji, narudi nakuta umesimama mulangoni unajisifu: "Mama, nimekwisha kukusaidia, nimetia pilipili." Umetia wakati chungu kinachemuka! Ni mara ngapi nimesema? Chungu kitoke kwanza kwenye moto, kitulie, ndipo inyunyizwe. Ikichemuka, ganda linatoa uchungu wote. Mujomba alikula kijiko kimoja, akameza, akaniuliza kwa heshima kabisa: "Dada, hii ni supu ao ni dawa ya minyoo?" Ulicheka ukaziba mudomo. Mi nilitaka ardhi inimeze.

Lakini kuna siku ulikula, nayo ndiyo inaniumiza. Ile mara ya kwanza tulikimbilia milimani, sote pamoja. Bantu banabeba godoro, banabeba mbuzi. Mi nilibeba koko yako mugongoni na mukebe wa pilipili kwenye pindo la kikwembe. Chumvi ikaisha huko juu. Hakuna wa kumuomba, kila nyumba ni kilio kile kile. Majani ya sombe bila chumvi, muhogo bila chumvi. Nikawa nanyunyiza kidogo ya kwenye mukebe, maana ilikuwa na chumvi yake ndani, na ile ndimu inadanganya ulimi. Mukebe ulipoisha nikakukuta umekaa nyuma ya jiwe, umeingiza kidole, unalamba ukuta wake. Machozi yanashuka kwa ule ukali, na bado unalamba. Ukasema, "Mama, ni kwa ajili ya chumvi tu."

Sasa we huyo huyo unaniambia nipunguze chumvi? Ndiyo maana hasira yangu haikulala. Nikaanza kutwanga huku nasema peke yangu, mpaka majirani bakachungulia. Nikaacha kinu, nikamurudia Mama Amisa mahali anapopima mawese yake.

"Mama, nielezee tena. Alikuwa amekaa namna gani?"

"Si amekaa tu? Juu ya gunia. Alinishika mukono akiwa chini."

"Hakusimama kukusalimia?"

"Hakusimama." Akafikiri. "Mi nilisema kambi imemuharibu adabu."

"Na miguu yake?"

"Ee, Mama Neema, na miguu tena? Alikuwa amejifunika kikwembe mpaka hapa, na lile jua! Nimeona kandambili tu. Kubwa, za mwanaume. Nikasema labda ndiyo bamama ba kule banavyovaa siku hizi."

Sifa, nilikaa chini pale pale kwenye mafuta yake.

Maana nilipokuwa na mimba yako miguu yangu ilivimba kama mihogo iliyolowekwa. Nilivaa viatu vya papa yenu mpaka kanisani. Mama muzalishaji wa dispanseri akabonyeza hapa, kidole kikaacha shimo, akanikaripia: punguza chumvi, mama, punguza kabisa. Na kitu kimoja tu kilikuwa kinashuka kwenye koo langu: samaki na pilipili ya ndimu. Hadithi hiyo nimekuambia mara nyingi, kila ukinikasirisha. Nilikuwa nasema ndiyo sababu ulitoka na ukali.

Kwa nini hukusema? Uliona haya mbele ya Mama Amisa? Ao ulijua mi nitaelewa? Kama ulijua nitaelewa, basi we unaniamini kuliko ninavyojiamini, maana nimepoteza siku nzima nikikutukana.

Sasa sikia, na usinijibu. Usibebe maji. Ukikaa, inua miguu juu ya kitu. Kichwa kikiuma sana, ao macho yakianza kuona giza, usingoje kesho, usingoje muntu akupe ruhusa, nenda kwa baganga ba dispanseri ya kambi, upige kelele mpaka bakuangalie. Mimi nilipona kwa kupiga kelele. Jambo hili ndilo linalonitoa usingizi, si pilipili.

Unakumbuka dada yako Neema alipozaa kule Lusenda? Kwetu mutoto wa kike akizaa mara ya kwanza, chungu cha kwanza kinapikwa na mama yake, si na mukono mwingine. Nilitembea na samaki kwenye beseni, bangali banaruka, we nyuma yangu umebeba mukebe. Ulipepea moto, nikaipua supu, nikanyunyiza, Neema akanywa jasho likimutoka, maziwa yakaja. Ukaniuliza, "Na mi utanipikia?" Nikakuambia, "Hata ukiolewa Minembwe kwenye baridi, nitapanda na chungu kichwani." Nilifikiria milima. Maji sikuyafikiria.

Unajua ninavyoogopa hili ziwa. Siku ile nilikusukuma kwenye mutumbwi na mama yako mudogo, nikabaki. Nilisema ni kwa sababu ya koko yako, hawezi kubebwa. Ilikuwa kweli. Sasa koko hayuko, na basoda bangali kwenye barabara ya Fizi, na nyumba hii ninayoilinda ina kuku moja. Neema atakuja kulala humo. Nimemuambia Mama Amisa aniwekee nafasi safari yake inayofuata, maganda yakishakauka. Kivulini, Sifa, kivulini! Amecheka mpaka ameshika ukuta: "Mama Neema, we unayeogopa hata beseni?" Umuache acheke.

Barua hii inatangulia. Mikebe nitaishika mwenyewe magotini. Moja haina chumvi kabisa, ni yako mpaka uzae. Ya pili nimetia chumvi vile inavyotakiwa, ni ya ile supu, na hiyo usiiguse. Ukiigusa, utaichemusha, nakujua.

Bado kuna neno moja ambalo umelificha na ambalo Mama Amisa hakulileta. Hizo kandambili ni za nani? Ana kwao? Anajua kutafuta samaki? Anakuinulia maji? Sitaki unijibu kwa kutuma bantu tena. Mwambie aje mwenyewe kwenye maji kunipokea, anishike mukono vizuri, maana nitashuka nimefumba macho. Asijisumbue kujieleza. Nitamujua. Atakuwa pekupeku.

Kaa chini, mama. Usisimame kunisalimia.

Ni mimi mama yako, niliye njiani.