Ulezi Ndani ya Mawe

Kambini, Mto Songwe
6 Juni 1953

Mwanangu Nesta,

Salamu nyingi. Mimi mzima, kikohozi kimepungua. Wewe je, mnakula vizuri huko shuleni?

Kazi yenyewe ndiyo hii: wanaume wanaponda mawe, mimi naosha vumbi lake, naanika, napepeta kwa ungo wangu. Osea, mmoja wa waponda mawe, hunitania, "Shemeji, uji wa mawe bado tu?" Hubaki vipunje vidogo kuliko ulezi, vyenye mistari ya kuzunguka. Bwana Mpimaji wa miamba anasema ni mbegu za mwani wa ziwa la maji baridi, lililokauka kabla ya watu. Miamba ya kila zama ina mbegu zake, kwa hizo anajua umri wake.

Juzi aliona mbegu tano kubwa. Akafurahi sana, eti aina mpya, atazipeleka Ulaya. Mwanangu, ule ni ulezi. Ungo ni uleule wa chakula. Nilitafuna moja, ikawa unga. Nikisema, kazi itakwisha, na ada yako pia. Nifanyeje?

Mama yako,
Roda

Shuleni
15 Juni 1953

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sijambo, chakula kinatosha.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Sikusikia hofu wala huzuni. Nilikwenda kufua.

Haya yakiandikwa kitabuni, Mama, watu watahesabu umri wa miamba yetu kwa ulezi wetu. Mwambie. Tafuna mbele yake, aone. Natumaini ataelewa.

Mwanao,
Nesta

Kambini
20 Julai 1953

Mwanangu,

Hujambo? Kikohozi kimerudi kidogo.

Nilitafuna mbele yake. Naye akatafuna. Kisha akasema katika chupa anamowekea vipunje hakuna ya kuaminika tena, mawe yote yaoshwe upya, na mpaka niyamalize sina mshahara. Osea hakutania siku hiyo.

Ada ya muhula haipo. Rudi nyumbani, mwanangu.

Mama yako

Shuleni
2 Agosti 1953

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na kikohozi.

Nimefunga sanduku. Sikulia, rafiki yangu Tabita ndiye aliyelia. Dawati langu wameliacha wazi.

Sitapitia nyumbani Ihanda, nitakuja moja kwa moja kambini Jumamosi. Tukiwa wawili tutamaliza upesi.

Mwalimu Yunisi amenipa ungo mpya. Haujatiwa nafaka hata mara moja. Nimeufunga kwa kanga, nitaubeba mwenyewe.

Mwanao,
Nesta