Pua ya Mama Kavira

Bunia, Jumamosi jioni

Dada yangu, Yaya Masika,

Huku tuko wazima. Mvua imerudi, na soya kutoka kijiji cha Marabo imefika ikiwa kavu. Unaniita tena nije Butembo kupumzika. Siwezi, na sababu nimekuficha mwaka mzima.

Tangu ile homa ya mwaka jana sisikii harufu yoyote. Soya isipokaangwa vizuri, uji unaharisha watoto, na mimi ndiye niliyeanza kutengeneza unga wa watoto hapa Bunia. Wamama husimama uani wakinitazama nikiinusa soya ikikaangwa, ndipo wanunue. Bibiane, mfanyakazi wangu, peke yake anajua. Yeye huinusa kwa siri; akikohoa, mimi natangaza kuwa imeiva.

Leo alikohoa, akatoka kuchota maji. Nikatangaza, tukasaga. Aliporudi, mama mmoja wa mapacha alikuwa ameshaondoka na kilo mbili za unga.

"Mama, nilikohoa juu ya moshi tu, haikuwa ile alama yetu! Soya iko mubichi bado!"

Nilipanda pikipiki mpaka mtaa wa Shari, kwa yule mama wa mapacha. Uji ulikuwa unachemka. Niliumwaga chini.

"Iko mubichi," nilimwambia. "Usiwape watoto. Mimi pua yangu haisikii tena..."

Hakungoja nimalize. Aliita majirani: "Mukuye muone! Mama Kavira amenusa uji wangu kutoka kwake mpaka hapa!"

Wakanipigia vigelegele. Nilirudia ukweli mara mbili, wakacheka: "Weye Mama, unapenda mizaha!"

Jumamosi ijayo wanakuja uani kwangu, Shari nzima, kunitazama nikinusa. Usiniandalie kitanda.

Mdogo wako,
Kavira