Mtoro wa Goweko

Tabora, Jumanne, Machi 1975

...na mkuu wangu wa kazi bado anasema wagonjwa watoro kuzidi ni kosa langu, eti kwa sababu hesabu zimepita mkononi mwangu. Mimi ndiye ninayeoanisha daftari mbili za kifua kikuu, ya zahanati ya serikali na ya hospitali ya misheni, na hakuna aliyenifundisha. Zahanati humwandika mwanamke kwa jina la mwanawe. Misheni huandika jina la ubatizo.

Mama Maganga wa Goweko aliacha sindano za zahanati, nikamwandika mtoro. Kesho jina lake lingesomwa mkutanoni, mbele ya kijiji kizima.

Leo mganga wa zahanati hiyo amekuja kuchukua dawa. Nikamuuliza habari za mtoro wake. Akacheka.

"Amejifungua mapacha, ndugu. Nani atamwita Mama Maganga tena? Siku hizi ni Mama Kulwa, kwa jina la pacha wa kwanza. Anadungwa huko huko misheni walikomzalisha."

Nikamtafuta Mama Kulwa kwenye daftari ya misheni, hayumo. Yumo Agnesi wa Goweko, mgonjwa mpya. Nikamuuliza mganga balozi wa nyumba kumi wa yule mama ni nani. Akamtaja yule yule ambaye misheni wamemwandika kando ya jina la Agnesi.

Nimemfuta kwenye watoro, na misheni nimewapigia simu wasimhesabie sindano kama anayeanza upya. Moyo umetulia kidogo.

Kesho nitaomba balozi aandikwe pande zote mbili. Mkuu atasema daftari hazina nafasi. Basi aandikwe pembeni.

Watoro walikuwa tisa. Wamebaki wanane, ila sijui hao wanane ni watu wangapi.